Treni Isianguke: Anza Kupima Ukingoni

Wasee, nianze na majigambo kidogo halafu tuingie kazini. Treni yangu haijawahi kuanguka sakafuni. Huu ni mwezi wa kumi na nne. Imeacha reli mara nyingi sana, hilo silifichi, kwa sababu hakuna treni ndogo duniani isiyoacha reli. Lakini kila mara imelala hapo hapo mezani kama mbuzi aliyeshindwa na jua la saa nane. Naiinua, naipangusa, inaendelea na safari. Watu huniambia nina bahati. Si bahati, bana. Ni sentimita.

Kwa wale wageni hapa: niko Lopur, Turkana Magharibi, upande huu wa Kakuma. Nyuma ya nyumba ya nyanya kuna kivuli cha mabati, chini ya kivuli kuna meza, na juu ya meza kuna reli. Mfanyakazi wa shirika fulani alikuwa anahama, akauza vitu vyake vyote. Watu waligombania friji na magodoro. Mimi nikatoka na boksi moja: kichwa cha treni, mabehewa sita mafupi ya mizigo na vipande vya reli. Ni skeli ya HO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87. Inatumia umeme wa volti 12, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya hii hobi kunikubali, kwa maana betri ya sola ya nyumbani pia ni ya volti 12. Katikati nimeweka kidude cha kuongeza na kupunguza moto, basi. Stima ikipotea Kakuma, treni yangu haina habari.

Sasa swali ninaloulizwa kuliko yote si bei wala betri. Ni hili: reli iwe mbali kiasi gani na ukingo wa meza? Nitalijibu vizuri, maana nikilijibu kwa ufupi utanisahau kesho, na siku treni yako ikianguka utakumbuka ulikuwa umeniona mahali.

Kwanza elewa unacheza na nini. Meza yangu ina kimo cha sentimita 90. Kitu kikianguka kutoka hapo kinafika chini kwa muda wa chini ya nusu sekunde, na kinagonga simenti kikiwa na mwendo wa kama kilomita 15 kwa saa. Unaona ni kidogo? Zidisha kimo hicho mara 87. Kwa treni yenyewe, hilo ni genge la mita 78. Jumba la KICC pale Nairobi lina mita 105. Kwa hivyo ni kama kulitupa treni zima kutoka robo tatu ya KICC. Magurudumu yanapinda, gia inapasuka, kile kindoano cha kuunganisha behewa kinakatika. Na kichwa kipya cha maana kitakula bei ya mbuzi wawili au watatu, kabla hujalipia kukisafirisha hadi huku. Hakuna duka la vipuri Kakuma. Kikivunjika, kimevunjika.

Kama hatari ni wazi hivyo, mbona kila mtu anasukuma reli hadi ukingoni? Sababu ziko tatu, na zote zina akili ndani yake.

Ya kwanza ni nafasi. Meza ni ndogo na ndoto ni kubwa.

Ya pili ni kona. Treni hupenda kona pana. Kona ikibana sana, mabehewa marefu yanavutana na kutoka njiani. Kwa hivyo unapanua kona, unapanua, mpaka reli inachungulia sakafu.

Ya tatu ni kamera, na hapa naongea na watengeneza video wenzangu. Reli iliyo ukingoni ndiyo inayotoka poa kwenye simu. Unashusha simu hadi usawa wa meza, treni inapita ikiwa imejaza skrini yote, inaonekana kubwa, inaonekana ya ukweli. Manze, inavutia. Video ya namna hiyo ndiyo inayotazamwa. Sasa kila ukitaka kutazamwa zaidi, unasogeza reli sentimita moja nje.

Suluhisho langu la hiyo ya tatu ni rahisi na sitalirudia: kamera ikae ukingoni, treni ikae ndani. Simu ikianguka ni simu yako na kifuniko chake cha mpira. Tena ukiweka kichaka kidogo cha mgunga kati ya simu na treni, picha inapata kina. Watu wanadhani umeenda kupiga picha Lokichoggio.

Hiyo ya pili, ya kona, inataka hesabu. Chukua kalamu.

Plaiwudi nzima hapa Kenya ni futi 8 kwa 4. Upana wake ni sentimita 122. Reli za HO za vipande huja kwa saizi zinazojulikana, na mbili za kawaida ni kona ya inchi 18 na kona ya inchi 22. Hiyo inchi hupimwa kutoka katikati ya duara hadi katikati ya reli. Ukichukua ya inchi 22, duara lako lina upana wa sentimita 112. Toa kwenye 122, zimebaki 10, yaani 5 kila upande. Ukichukua ya inchi 18, duara ni kama sentimita 92, zimebaki 30, yaani 15 kila upande. Na ukisema wewe ni mkubwa, unataka inchi 24, hongera: duara ni sentimita 122 na reli yako iko hewani.

Wajenzi wengi hutaja inchi mbili kama umbali wa chini kabisa, zile sentimita 5. Si vibaya kama mwanzo. Lakini mimi sipendi namba isiyo na sababu, kwa hivyo nilijitafutia sababu. Behewa halisi la mizigo lina kimo cha kama mita 4 na nusu. Gawanya kwa 87, unapata sentimita 5 na kidogo. Behewa likizidiwa na mwendo kwenye kona, huangukia upande wa nje. Likilala ubavu, linafunika nafasi inayolingana na kimo chake. Sasa reli ya nje iko karibu na ukingo kuliko katikati ya njia, kwa hiyo zile sentimita 5 zimeshakuwa 4 na nukta. Behewa la sentimita 5 linalala kwenye nafasi ya 4. Sehemu iliyobaki inaning'inia, na la nyuma bado linasukuma. Umeshajua mwisho wa hiyo hadithi.

Kanuni yangu ikawa hii: kutoka reli ya nje hadi ukingo, behewa lako refu kuliko yote kwa kwenda juu lipate mahali pa kulala lote, na libaki na nafasi ya vidole vyangu viwili. Kwa HO hiyo ni kama sentimita 8. Huhitaji kitabu. Laza behewa lenyewe hapo, weka vidole, chora mstari. Ndani ya mstari ni treni. Nje ya mstari ni mchanga, mawe, mbuzi wa udongo, chochote ambacho hakitembei.

Ndiyo maana nilichukua kona ya inchi 18. Nilipoteza mabehewa marefu ya abiria, maana hayo kwenye kona ya 18 yanateseka: ncha zinatoka nje na tumbo linaingia ndani. Nikabaki na mafupi ya mizigo. Fiti tu. Treni fupi inayofika ni bora.

Baada ya mstari, angalia vitu ambavyo husababisha treni kuacha reli. Sehemu mbili zinaongoza: pale reli inapogawanyika kuwa njia mbili, na pale vipande viwili vinapoungana. Usiweke zote mbili kwenye kona iliyo karibu na ukingo. Njia ya kugawanyika iweke sehemu iliyonyooka, ndani ya meza lakini mkono wako ufike. Zaidi ya sentimita 75 kwenda ndani, utapanda mezani kwa goti, na hilo goti litavunja zaidi ya treni.

Halafu kuna hii ya kwetu ambayo video za Ulaya hazisemi. Mbao zangu zilitoka Kitale. Kitale kuna mvua na baridi, mbao zinakuja zimeshiba maji. Ukizifunga reli siku hiyo hiyo, baada ya wiki chache za ukavu wa Turkana mbao zimejikunja, na reli haina pa kwenda. Inabinuka. Na inabinuka wapi? Kwenye kona, kuelekea nje. Kwa hivyo acha mbao zikae kivulini mwezi mzima zizoee hali ya huku, na kati ya kipande na kipande cha reli acha mwanya wa unene wa kadi ya simu. Chuma chenyewe pia hutanuka mchana, lakini kwa urefu wa meza ni kama nusu milimita tu. Mbao ndiyo yenye matatizo.

Mwisho, ukuta. Hata na sentimita 8, mimi nina ukuta mdogo mahali reli inapokaribia ukingo. Watu huweka plastiki ngumu ya kuonyesha, na ni nzuri kwa sababu huzuii macho. Mimi nilimwomba nyanya anisukie ukanda wa majani ya mkoma, upana wa sentimita 4, ule ule ufumaji wa vikapu. Ukigongwa unapinda kidogo halafu unarudi. Behewa halipati hata mkwaruzo. Nyanya alipouliza ni kikapu gani hiki kisicho na kitako, nikamwambia ni boma la treni. Akacheka, akasema boma akalielewa. Mnyama akikaa karibu na mlango, unaongeza miiba.

Huo ukuta una kazi nyingine pia. Jioni watoto wanakuja, wa hapa Lopur na wengine kutoka kambini, wanaweka kidevu kwenye ukingo wa meza na kutazama. Ukingo ndipo watazamaji wanaposimama. Kuna viwiko, kuna vidole, kuna kamasi, kuna anayesukumwa na mwenzake. Ukipanga meza yako kana kwamba hakuna mtu atakayesimama ukingoni, umeipangia chumba kitupu. Kijana mmoja ambaye familia yao ilitoka Kongo aliniuliza, treni hii inaenda Nairobi ama Kongo? Nikamwambia inaenda Nakodok. Akaniangalia kama nimemwibia.

Na hapa ndipo mada inakuwa nzito kidogo, vumilieni.

Duara langu lina tawi moja linalotoka nje yake na kwenda hadi kona ya meza. Vituo vyake nimevipa majina: Lokichar, Lodwar, Kakuma, Lokichoggio, na mwisho Nakodok, mpakani na Sudan Kusini. Sijavitoa kichwani vyote. Tarehe 2 Machi 2012 pale Lamu marais Kibaki na Salva Kiir pamoja na waziri mkuu Meles Zenawi walizindua mradi wa LAPSSET: bandari, barabara, bomba la mafuta, na reli kutoka Lamu kupitia Isiolo hadi Nakodok. Bandari ya Lamu ilianza kupokea meli mwaka 2021. Lami kwetu imekuja. Reli haijaja. Reli ya karibu zaidi iliyowahi kujengwa kuelekea upande wetu ni tawi la Kitale, lililofika huko mwaka 1926, na kutoka Kitale hadi Lodwar ni karibu kilomita 300.

Kwa hivyo reli ya Turkana iliyopo ni hii ya kwangu. Ina urefu wa mita moja na nusu. Karibuni.

Tawi linaloishia ni hatari kuliko kona, kwa sababu hakuna kitu kinachoigeuza treni. Inaenda tu. Nimeweka kizuizi cha mti wa mathenge sentimita 20 kabla ya ukingo, kimefungwa kwa skrubu mbili. Lakini mlinzi wa kweli ni diodi, kile kipande kidogo kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Fundi wa redio pale Kakuma mjini alinitolea moja ya ampea 1 kwenye redio iliyokufa. Unakata reli moja, sentimita 30 kabla ya mwisho, unalehemu diodi kuvuka mwanya. Treni ikiingia pale, umeme unakatika, inasimama yenyewe hata kama umeenda kunywa maji. Ukigeuza umeme ili irudi nyuma, diodi inafungua njia. Kitu cha shilingi chache kinakulindia kitu cha elfu nyingi.

Nilipokuwa nalehemu hiyo diodi ndipo nilipoona mbona nimechukua hii hobi kwa uzito hivi. Kila mchoro wa reli niliouona mtandaoni ulianzia katikati: mchoraji anaweka kituo kikubwa, anaweka mji, anaweka mlima anaoupenda, halafu kilichobaki ndicho ukingo. Ukingo unapata masalio. Na ajali zote zinatokea kwenye masalio.

Sasa itazame Kenya kama meza. Mkoloni alipotaka kumweka Jomo Kenyatta mbali na watu, alimleta Lokitaung, halafu Lodwar. Huku ndiko mbali palikuwa. Uhuru ukaja, na mwaka 1965 serikali ikatoa Waraka wa Bunge Namba 10, uliosema pesa za maendeleo zianze kuwekwa mahali zitakapoleta mazao makubwa zaidi. Kwa hesabu ya katikati, inaeleweka. Ukiwa ukingoni, maana yake ni kwamba mchoro umeanza upande mwingine na utafikiwa penseli ikibaki.

Mimi nilikuwa chuo kikuu, mwaka wa pili, uhandisi wa ujenzi. Halafu ukaja ule ukame wa mwisho wa 2020 hadi mapema 2023, misimu mitano ya mvua ikapita bila mvua. Karo yangu ilikuwa na miguu minne. Mbuzi wakaanza kuisha, karo ikaanza kuisha, na pale chuoni tarehe ya mwisho haikuwa na habari ya mvua. Sijaja hapa kulia. Natoa mfano. Kijana wa mzazi mwenye mshahara akichelewa karo ya muhula, analala mezani: mjomba anachanga, kuna mkopo wa chama, kuna kiwanja cha kuuza. Wiki tatu baadaye yuko darasani. Kijana wa kwetu akiteleza kosa lile lile, au hata bila kosa, anakuta hakuna sentimita. Ni simenti moja kwa moja. Halafu watu wanasema vijana wa kaskazini hawakazi. Treni zote huacha reli, wasee. Tofauti ni nafasi ya kulala.

Kwa hivyo siombi ukingo uondolewe. Meza isiyo na ukingo haipo, na nchi isiyo na mpaka haipo. Naomba tu anayechora aanze huku. Aje Lopur na futi yake, alaze behewa ubavu, aongeze vidole viwili, achore mstari. Pesa ya karo ya dharura iwe kama ile diodi: ndogo, ya bei rahisi, imewekwa kabla, inayofanya kazi mtu akiwa ameenda kunywa maji. Hiyo ni hesabu tu, haihitaji mtu atuonee huruma.

Na wewe unayejenga meza yako Umoja, Kitengela, Lodwar ama kwenye chumba cha bweni ambacho hauruhusiwi kupigilia misumari, usisubiri nchi. Chora mstari wako leo. Kona ya 18 kama plaiwudi ni moja. Sentimita 8 kutoka reli ya nje. Viungo mbali na ukingo. Mbao zikauke kwanza. Ukuta wa chochote ulichonacho. Diodi kwenye tawi linaloishia.

Wiki ijayo naonyesha jinsi ya kutengeneza miti ya mgunga kwa waya wa stima na majani ya chai yaliyotumika. Kuleni vizuri, msitupe majani.